Atomi Ilishapita Hapa

Kuanzia mwaka 1994 ndege ndogo ilikuwa ikipita chinichini juu ya mashamba na misitu ya Unguja ikidondosha viboksi vya karatasi. Ndani ya viboksi mlikuwa na mbung'o hai, madume watupu, waliofugwa kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o Tanga. Kabla ya kusafirishwa walipigwa mionzi ya gama, kiasi cha kuwaachia nguvu ya kuruka na kutafuta majike bila kuwaachia uwezo wa kuzalisha. Mbung'o jike kwa kawaida hahitaji dume zaidi ya mara moja maishani. Akikutana na dume tasa, uzao wake umekwisha. Kazi hiyo iliendeshwa na wataalamu wa Zanzibar na wa bara kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na madume walioachiwa walizidi milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imemaliza mbung'o, na ng'ombe waliokuwa wakikondeshwa na ugonjwa wa nagana kizazi baada ya kizazi wakapona.

Nimeanza na nzi kwa makusudi. Ukitaja nyuklia kwenye baraza lolote la pwani hii ya Bagamoyo, iwe Zinga, Kaole au Mlingotini, jibu la kwanza ni bomu, la pili ni Chernobyl, na la tatu ni kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa dunia, sisi tuachiwe bahari yetu. Majibu mawili ya kwanza yana uzito na nitayarudia. La tatu si kweli. Atomi imeshapita hapa, tena zaidi ya mara moja, na safari yake ya kwanza katika nchi za Waswahili haikuwa ya heri.

Safari hiyo ilianzia Shinkolobwe, Katanga, ambako wachimbaji walisemezana kwa Kiswahili cha migodini. Mwamba ule ulijulikana kwa Wabelgiji tangu mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière iliuchimba kwanza kwa ajili ya radiamu, iliyokuwa ghali kupita dhahabu, na urani iliyobaki ikahesabiwa karibu na makapi. Vita vilipopamba moto Ulaya, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliamuru mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zipelekwe ghalani Staten Island, New York, zisije zikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Yalikaa pale mpaka Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipomwendea Sengier kuuliza urani inapatikana wapi, akaambiwa iko mjini humohumo. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani kwa kiwango cha kama asilimia 65, wakati migodi mingine duniani ilifurahia kupata hata asilimia 1. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo. Waliolichimba jiwe hilo na kulipanga kwa mikono hawakuelezwa linakwenda kufanya nini.

Kwa hiyo anayesikia neno urani akashtuka hana ujinga wowote. Lakini Kongo hiyohiyo ndiyo iliyopata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Kiliwashwa Juni 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, kwa jitihada za Monsinyori Luc Gillon. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti, kilowati 50 tu, hakikuwasha hata taa ya mtaani. Mwaka mmoja baadaye Kongo ikapata uhuru na mengine yakafuata, na kinu kile kikabaki kuwa kumbukumbu ya jambo lililoanzwa kabla ya kuwapo watu wa kuliendeleza. Tulishike hilo.

Kwetu atomi iliingia kwa mlango wa hospitali. Jengo la Ocean Road, lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 mbele ya bahari, ndilo lililokuja kuwa mahali pa kutibu saratani kwa mionzi, na mwaka 1996 likawa taasisi inayojitegemea. Nadhani ni familia chache za Bagamoyo zisizo na shangazi au babu aliyepanda gari alfajiri kwenda kupigwa mionzi pale. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria ya kujikinga na mionzi ilipitishwa mwaka 1983 ikaunda Tume ya Taifa ya Mionzi, makao yake Arusha, na miaka mitatu baadaye Chernobyl ikalipuka na dunia nzima ikajua kwa nini tume kama hizo zinahitajika. Sheria mpya ya mwaka 2003 iliigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mfanyabiashara wa vyakula bandarini anaifahamu kwa sababu ya cheti cha mionzi, ambacho kwa miaka mingi amekilipia huku akinung'unika.

Umeme wetu, wakati huohuo, ulikuwa ukifuata njia nyingine kabisa: njia ya mvua.

Bwawa la Hale kwenye mto Pangani lilianza mwaka 1964, megawati 21. Kidatu ikafuata mwaka 1975 na kufikia megawati 204, kisha Mtera mwaka 1988, megawati 80 pamoja na ziwa kubwa la kutunzia maji ya kulisha Kidatu. Kwa nchi changa, hii ilikuwa hekima. Maji ni yetu, hayanunuliwi kwa dola, hayatoi moshi. Kilichokosekana ni mpango wa siku ambayo mvua haitanyesha. Miaka ya 1990 neno mgao wa umeme likaingia majumbani. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka kiasi kwamba serikali ilikimbilia mitambo ya dharura, na mkataba wa kampuni ya Richmond uliosainiwa katika haraka hiyo ukamwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani Februari 2008. Mwaka 2011 giza likarudi. Oktoba 2015 maji yalipungua tena hadi mitambo ya mabwawa ikazimwa. Novemba 2022 shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza upungufu wa megawati zaidi ya 300, na majira hayohayo mto Ruvu, ambao mtambo wake wa maji wa Ruvu Chini uko Bagamoyo, ulishuka mpaka Dar es Salaam ikapangiwa zamu ya maji. Ukame mmoja ukazima taa na bomba kwa pamoja.

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilikaa chini ya ardhi miaka 30 kabla haijaanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Bomba la kutoka Mtwara likafika mwaka 2015. Gesi imetuokoa, na anayeibeza hakuishi hapa mwaka 2011. Ila gesi ni kisukuku: huungua, hutoa hewa ukaa, na ikiisha imeisha.

Kuna kisa kingine cha pwani hii ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1980 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba, Unguja. Kisiwa kizima kikawa kinaning'inia kwenye waya mmoja wa megawati 45. Mei 2008 njia hiyo ikakatika, na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Ikakatika tena Desemba 2009, safari hii hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, wanawake wakarudi visimani na ndoo, hoteli zikanguruma jenereta, wauza samaki wakauza kwa bei ya kutupa kwa kukosa barafu. Waya mpya wa megawati 100 ulilazwa mwaka 2013. Mtu wa Zinga akisimama ufukweni anatazamana na kisiwa kilichojifunza kwa mwili wake gharama ya kutegemea chanzo kimoja.

Na Zinga yenyewe? Iko kando ya barabara ya Bagamoyo, kilomita 50 na ushei kutoka katikati ya Dar es Salaam, jirani na Mbegani penye chuo cha uvuvi, Mlingotini penye mashamba ya mwani, na Pande. Kwa karne nyingi sehemu hii iliishi kwa samaki, nazi, chumvi, boriti za mikoko na, tangu jiji lianze kuvimba, mkaa. Kisha mipango ikaja. Bagamoyo ikatengewa eneo maalumu la kiuchumi la maelfu ya hekta, na Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, ikasainiwa nia ya kujenga bandari kubwa Mbegani. Oman ikaingia kama mbia. Tarehe 16 Oktoba 2015, wiki chache kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Rais Magufuli akayaona masharti, upangaji wa miaka 99 ukiwamo, akayakataa hadharani mwaka 2019. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa.

Katikati ya saini hizo walikuwapo watu. Mashamba yalithaminiwa, wengine wakalipwa, wengine wakasubiri, wengine wakaona fidia yao imeliwa na miaka. Mtu aliyethaminiwa hapandi mnazi mpya wala hajengi choo, maana haviko kwenye hesabu. Watu wa kata ya Zinga wanajua maana ya kuishi ndani ya ramani ya mtu mwingine. Yeyote atakayewaendea na mradi mkubwa wa pili, hata uwe mwema kiasi gani, ataanza akiwa na deni ambalo hakulikopa yeye.

Nasema hayo kabla ya kusema ninachoamini: kwamba Tanzania inapaswa kujenga umeme wa nyuklia, na kwamba pwani yenye bandari, viwanda vya barafu, vinu vya saruji na jiji la watu zaidi ya milioni 5 haiwezi kuendeshwa na jua la mchana na mvua ya masika peke yake.

Tufanye hesabu kwa uniti, lugha ya LUKU ambayo kila nyumba inaielewa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla megawati 2,115. Ni kazi kubwa, ya kujivunia. Lakini mto haujai mwaka mzima, na makadirio ya uzalishaji wake ni kama uniti bilioni 6 kwa mwaka. Kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, chini ya nusu ya ukubwa huo, kikifanya kazi asilimia 90 ya saa za mwaka kama vinavyofanya vinu vizuri duniani, hutoa karibu uniti bilioni 8. Kinu hakiulizi kama Kilombero imenyesha. Kwa mwaka mzima kinatumia tani kama 25 za fueli, mzigo wa malori machache, wakati mtambo wa makaa ya mawe wa ukubwa huo huhitaji tani karibu milioni 3. Kinachotokea ndani si moto. Kiini cha atomi ya urani hupasuka, joto linatoka, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabo, na kuanzia hapo ni mtambo wa umeme kama wa Kinyerezi.

Kuhusu usafi, Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilipima mwaka 2014 hewa ukaa ya kila chanzo tangu kuchimba hadi kubomoa. Kwa kila uniti moja, nyuklia ilipata gramu 12, sawasawa na upepo. Gesi 490. Makaa ya mawe 820. Tofauti hii ni kubwa mno kwa nchi inayopoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka, na ambayo serikali yake inakadiria kwamba watu 33,000 hufa kila mwaka kwa moshi wa jikoni. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Sehemu kubwa wataanza na mitungi ya gesi. Siku watakapohamia majiko ya umeme, saa 12 jioni nchi nzima itawasha kwa wakati mmoja, na jua litakuwa linazama.

Sasa Chernobyl. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kinu kilichojengwa bila kasha la zege la kuzuia mionzi, chenye kasoro ambayo wakubwa waliijua wakaificha, kililipuka katikati ya jaribio lililoendeshwa kinyume cha taratibu. Wafanyakazi na wazimamoto wapatao 30 walikufa katika miezi ya mwanzo. Maelfu ya watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi walipata saratani ya tezi ya shingo, wengi wao wakatibiwa. Shirika la Afya Duniani na wenzake walikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vya mwisho miongoni mwa waliopigwa zaidi vinaweza kufika 4,000. Fukushima, Machi 2011, tsunami iliua watu zaidi ya 18,000. Mionzi yenyewe imehusishwa rasmi na kifo kimoja, ilhali uhamishaji wa ghafla wa wazee na wagonjwa ulihusishwa na vifo zaidi ya 2,000. Sisomi orodha hii ili kupunguza msiba wa mtu. Naisoma kwa sababu moshi wa majiko ya Tanzania peke yake, kwa hesabu ya serikali, unaua kila mwaka zaidi ya hayo yote yakijumlishwa, na hakuna anayeukimbia. Somo la Fukushima kwa pwani yetu ni jingine: tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lililotoka Sumatra liliua watu mpaka Dar es Salaam. Mtambo wowote wa baharini hapa utainuliwa juu ya wimbi hilo, na jenereta zake za akiba zitakaa mlimani.

Mabaki ya fueli ndiyo hoja ngumu zaidi, na ni hapo ambapo Afrika ilitoa ushahidi wa ajabu. Mwaka 1972 wachunguzi wa Kifaransa waliona urani ya Oklo, Gabon, ina upungufu usioelezeka. Ikabainika kwamba miaka kama bilioni 2 iliyopita mwamba ule wenyewe, maji yakipenya ndani yake, ulifanya kazi kama kinu cha nyuklia, ukiwaka na kupoa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mabaki mengi mazito yalibaki palepale ardhini, yakiwa yamesogea kidogo sana. Finland imechimba handaki lake la Onkalo kiasi cha mita 430 chini ya mwamba mgumu kwa imani ya namna hiyohiyo. Ni jambo linalowezekana, ingawa si rahisi wala si la bure.

Wenzetu wameshatangulia, kila mmoja kwa namna yake. Afrika Kusini ina Koeberg, iliyoanza 1984, kilomita 30 hivi kutoka Cape Town, ikipozwa na maji ya Atlantiki. Ardhi iliyoizunguka ni hifadhi ambamo pundamilia wanalisha. Abu Dhabi, ambako Waswahili wengi wana ndugu, ilisaini na Wakorea mwaka 2009, ikaanza kujenga Barakah mwaka 2012, na kufikia Septemba 2024 vinu vyote 4 vilikuwa kazini vikitoa robo ya umeme wa nchi, tena kando ya bahari yenye joto kuliko yetu. Nchi yenye mafuta imeamua kutoyategemea peke yake. Uganda inatayarisha Buyende, karibu na ziwa Kyoga, megawati 2,000.

Kenya ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu ilichagua kijiji kinachofanana na Mlingotini kama pacha. Kamati yake ya umeme wa nyuklia iliundwa mwaka 2010, ikawa bodi mwaka 2012, ikawa wakala chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na lengo likawa kinu cha megawati 1,000 ifikapo 2034. Mahali palipopendekezwa ni Uyombo, Kilifi: wavuvi, mikoko, hori la Mida, hifadhi ya bahari ya Watamu upande mmoja na msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa pili. Watu wengi hawakuwa na hati za ardhi waliyozaliwa juu yake. Waliuliza watakwenda wapi, wakajibiwa kwa semina. Mei 2024 polisi walikabiliana na waandamanaji kijijini, watu wakaumia. Mwaka 2025 macho ya serikali yakahamia Siaya, ufukweni mwa ziwa Victoria. Kama mpenzi wa nyuklia sioni haya kusema kwamba Uyombo walikuwa na haki ya kukataa. Hakuna aliyeshindwa pale kwa sababu ya fizikia.

Misri ilipitia hayo kabla. Eneo la El Dabaa lilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wabedui wakazuiwa kujenga na kulima kwa miaka 30 huku kinu hakionekani. Januari 2012 walivunja ukuta wakaingia na kuanza kujenga nyumba. Waliliachia tena mwaka 2013, baada ya makubaliano ya fidia na makazi. Zege la kwanza likamwagwa Julai 2022. Mtu wa Pande akisoma habari ya El Dabaa hahitaji mkalimani.

Tanzania imeanzia upande wa mawe. Mkuju, wilayani Namtumbo, ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous mpaka mwaka 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali mpaka usogezwe, uamuzi uliowaudhi wahifadhi na sioni kwamba walikosea kuudhika. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani, mradi wa kampuni ya Mantra iliyo chini ya Rosatom ya Urusi, uzalishaji mkubwa ukikusudiwa kuanza mwaka 2029. Tusipoangalia tutarudia Shinkolobwe kwa karatasi safi zaidi: jiwe litoke, umeme wake uwake kwingine. Mwezi mmoja kabla, Juni 2025, Benki ya Dunia ilikuwa imeondoa zuio lake la miongo mingi la kukopesha miradi ya nyuklia, na Kenya ilishajiunga Novemba 2024 na nchi zilizoahidi kuongeza nyuklia ya dunia mara tatu ifikapo 2050. Mlango wa fedha, uliokuwa kisingizio chetu kikubwa, sasa uko wazi.

Vikwazo vilivyobaki ni vyetu. Gridi yetu ina uwezo wa megawati 4,000 na kidogo, lakini mahitaji ya juu kabisa ni kama nusu ya hapo. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kikizimika ghafla kingeivuta gridi yote gizani. Kwa hiyo ama tusubiri gridi ikue na iungane barabara na Kenya, Zambia na Ethiopia, ama tuanze na vinu vidogo vya megawati 100 au 200, ambavyo China na Urusi zimeanza kuvijenga na ambavyo bei yake halisi bado haijatulia. Mimi ningechagua kusubiri vidogo vithibitike kwanza, huku tukisomesha watu. Wapo wanaosema kwamba baada ya bwawa la Rufiji tuna ziada, tukae. Kenya imejipa miaka 24 tangu kamati hadi umeme. Anayesubiri mgao ujao ndipo aanze, atapata umeme wajukuu wakiwa watu wazima.

Sheria nayo ina kasoro isiyosubiri. Tume ya Nguvu za Atomiki imepewa kazi ya kuhamasisha matumizi ya nyuklia na pia kazi ya kuyadhibiti. Kenya iliyatenganisha mwaka 2019: wakala wa kujenga huku, mamlaka ya kusimamia kule. Mtu hawezi kuwa dalali na mthamini wa nyumba ileile, na Chernobyl ilionyesha mwisho wa mchezo huo. Bunge linaweza kurekebisha hili bila kununua hata msumari.

Kuhusu mahali, simshauri mtu kujenga kinu Zinga. Nyumba za jiji zimeshapita Mapinga zinakuja, na kila mwaka kazi ya kuhamisha watu siku ya hatari inazidi kuwa ngumu. Zinga na eneo lake la viwanda wanunue umeme huo. Kinu kitafutiwe pwani tulivu zaidi, kusini au kaskazini. Popote kitakapowekwa, kitakutana na swali la Mlingotini, na swali hilo ni la wanawake wa mwani. Kinu cha baharini huvuta maji ya kupoza na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi kwa digrii kadhaa. Mwani wa kotoni, unaolipa kuliko mwingine, umekuwa ukinyauka katika maji ya kina kifupi kote Unguja na pwani ya bara kwa sababu bahari imeshapata joto bila kinu chochote. Wakulima wamelazimika kujaribu maji ya kina zaidi, wakihitaji mitumbwi na kujua kuogelea, au kurudi kwenye mwani wa spinosi wenye bei ya chini. Bomba la kutolea maji linaweza kupelekwa mbali, penye kina na mkondo wa kuyachanganya, lakini umbali huo haukadiriwi ofisini. Unahitaji miaka ya vipimo vya joto, masika na kiangazi, bamvua na maji mafu, kabla kinu hakijaagizwa. Vipima joto vya kazi hiyo ni vya bei ndogo, kina mama wanaingia majini kila yanapokupwa, na chuo cha uvuvi kiko Mbegani. Takwimu za miaka 5 zilizoandikwa nao wenyewe zingekuwa za kwanza kuwekwa mezani siku mtaalamu wa kinu atakapokuja na ramani yake.